Kwa nini kondoo wanayamaliza mahindi mazima, ng'ombe anayatoa kama alivyoyameza?

#1 Mwana wa Wanging'ombe
Wakuu, heshima kwenu. Niko Njombe, nafuga ng'ombe chotara wa maziwa na kondoo wachache wa nyama. Bei ya mahindi ilivyoanguka nikaona kuliko kumpa dalali kwa bei ya kutupa, bora yaliwe hapahapa nyumbani. Nawapa punje nzima, nachanganya na pumba na mashudu ya alizeti. Majani yapo, mabingobingo na mabua.

Shida ni hii. Kinyesi cha ng'ombe kimejaa punje, nyingine ukizifukia zinaota. Kondoo wanakula kutoka gunia hilohilo, lakini gololi zao nikizipasua sioni kitu. Kuku wa jirani wamehamia zizini kwangu na wananenepa bila mwenyewe kutoa hata senti.

Wote wanacheua, wote wana tumbo la vyumba vinne. Tofauti iko wapi? Na hasara ninayopata ni kubwa au ni ya macho tu? Wazee hapa wanasema ng'ombe ana minyoo.

#2 Kimbulumbulu
Uzi wa kinyesi bila picha? Naweka kambi hapa, nasubiri wajuvi.

#3 Fundi Kinu
Jibu ni moja, paraza. Nenda mashineni, mwambie fundi afunge chekecheke yenye matundu makubwa, asisage unga, apasue tu kila punje vipande vitatu vinne. Ganda la hindi limeumbwa kulinda mbegu isiliwe na wadudu wala maji. Kijidudu cha tumboni hakipenyi pale kama hakuna ufa. Ukishapasua, kazi imekwisha. Kondoo usiwaparazie, unapoteza hela ya dizeli.

#4 Mama Wambugu wa Ol Kalou
Hamjambo. Mimi niko Nyandarua. Fundi Kinu amesema ukweli lakini hajajibu swali. Ameulizwa kwa nini kondoo hahitaji kinu.

Kaa chini uwatazame wakila. Ng'ombe akiona nafaka anazoa kwa ulimi, anatafuna mara mbili tatu, anameza. Ana haraka kana kwamba mtu atamnyang'anya. Kondoo anaokota kwa midomo, kidogokidogo, na unasikia mlio wa punje zikivunjika. Kinu chake ni meno. Mimi nina Doper na wale wekundu wa Kimasai, wote wako hivyo, hata mtoto wa miezi minne.

#5 Kijana wa Magadu
Naongezea kwa Mama Wambugu, nimesomea mambo haya. Meno ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni mlango.

Kati ya rumeni, yaani lile tumbo la kwanza kubwa, na lile ambalo wauza utumbo wanaliita kitabu kuna tundu. Chakula hakitoki rumeni mpaka kiwe kidogo na kizito vya kutosha kupita pale. Kwa kondoo, chembe inayozidi milimita moja hivi ina nafasi ndogo sana ya kupita, kwa hiyo punje iliyomezwa nzima inabaki, inalowa, inarudishwa mdomoni wakati wa kucheua na kutafunwa upya. Kwa ng'ombe mkubwa mlango ni mpana. Punje ya mahindi iliyolowa inazama, inafika mlangoni, inapita. Ikishapita haina wa kuirudisha. Tumbo la nne lina asidi na utumbo mwembamba una vimeng'enya, lakini ganda likiwa halijapasuka havifanyi kitu cha maana.

Jambo hili lina historia. Miaka ya 1970 mtafiti Ørskov na wenzake pale taasisi ya utafiti ya Rowett, Aberdeen, Uskoti, waliwalisha kondoo shayiri nzima na shayiri iliyopondwa. Kondoo wa shayiri nzima hawakupoteza chochote katika usagaji wa tumboni, na walipata nafuu mbili: kuta za rumeni hazikuvimba, na mafuta ya nyama yakawa magumu kama inavyotakiwa badala ya kulegea. Kwa ng'ombe, shayiri nzima ilitoka nyuma kwa wingi mpaka wakatafuta njia ya kulainisha ganda kwa magadi makali ya viwandani. Kwa hiyo Mwana wa Wanging'ombe, unachokiona wewe zizini watu walishakipima.

#6 Kimbulumbulu
Magadi makali ya viwandani! Fundi Kinu naona unatafutiwa mshindani.

#7 Fundi Kinu
Aje. Umeme ukikatika tutaona nani anabaki na wateja.

#8 Bi Mkora
Kabla hamjafika Uskoti, kuna jambo hamjamuuliza mwenye mada. Hizo punje umezibonyeza?

Chota kinyesi, weka kwenye chujio, mwagia maji mpaka kibaki kilicho kigumu. Halafu chukua punje moja moja uibinye kwa vidole. Mara nyingi unachokiona ni ganda tupu. Wanga wa ndani umeshaliwa, kimebaki koti la njano ambalo hata binadamu akila mahindi ya kuchemsha analiona kesho yake, tusijifanye wageni. Ukibonyeza ikitoka nyeupe ya unga, au ikiwa ngumu haibonyei, hapo unapoteza. Hindi kavu takriban asilimia 70 ni wanga, na wanga ndio ulioununua.

Punje zinazoota ni hasara, hilo sibishi. Lakini ni ngapi kati ya zote? Watu wanaona punje kumi kwenye bonge moja la kinyesi wanasema ng'ombe hasagi kitu.

#9 Kijana wa Magadu
Bi Mkora, asante, hilo nililiruka. Wenye maabara wanapima wanga uliobaki kwenye kinyesi kikavu. Ukiwa chini ya asilimia 3 hivi kwa ng'ombe wa maziwa, mambo safi. Ukizidi sana hapo, nafaka haikusagwa vizuri. Huku kwetu chujio na vidole vinatosha kukupa mwanga.

#10 Mtoro wa Iowa
Nawasoma kutoka Marekani. Mnanichekesha kidogo na hiyo sheria ya "ng'ombe hawezi punje nzima". Huku Iowa na Nebraska kuna wanenepeshaji wanawapa madume mahindi mazima, hayajapasuliwa hata kidogo, na ng'ombe wanaongezeka uzito sawasawa na wa mahindi yaliyopondwa. Tena wanasema ni salama zaidi kwa tumbo.

Siri yao ni kwamba hawatoi majani mengi. Mlo karibu wote ni nafaka, majani ni kidogo sana. Ukichanganya mahindi mazima na majani mengi, hapo ndipo punje zinaanza kutoka nyuma. Kwa hiyo mimi nasema tatizo la mwenye mada ni mabingobingo yake.

#11 Mama Wambugu wa Ol Kalou
Mtoro wa Iowa, hao ni madume wa kuchinjwa baada ya miezi michache. Mwenye mada ana ng'ombe wa maziwa. Ukimnyima majani, mafuta ya maziwa yanashuka, kwato zinauma, na mwakani huna ng'ombe. Majani yasipungue asilimia 40 ya chakula kikavu, na mimi binafsi sishuki mpaka hapo.

#12 Mtoro wa Iowa
Sijasema amnyime. Nimesema punje na majani mengi havipatani. Kama majani ni lazima, basi apasue punje. Tunarudi kwa Fundi Kinu, ila kwa njia nyingine.

#13 Fundi Kinu
Karibu sana. Debe la kwanza bure kwa wateja wa Iowa.

#14 Mzee wa Kibo
Mnazungumzia punje kana kwamba punje ndiyo chakula chote cha ziada. Pumba hazina ganda la kupasua, mashudu yamekwisha kukamuliwa, na bado ng'ombe hasagi vyote. Mimi nina nadharia nyingine: wingi.

Vitabu vya lishe vina majedwali, pumba nishati kadhaa, mashudu kadhaa. Namba nyingi za zamani kwenye majedwali hayo hazikupimwa kwa ng'ombe. Zilipimwa kwa kondoo dume waliohasiwa, wakiwa wamefungwa kwenye vizimba, wanapewa chakula cha kuwatosha kuishi tu, wasiongezeke wala wasikonde. Kinyesi kinakusanywa kwenye mfuko, kinapimwa. Kondoo ni rahisi, anakula kidogo, unamnyanyua mwenyewe. Kisha namba hiyo anabebeshwa ng'ombe anayekamuliwa lita 20, anayekula mara tatu ya kile kinachotosha kumweka hai.

Chakula kikiwa kingi kinasukumana. Cha mbele kinatoka kabla vijidudu havijamaliza kazi. Baraza la Utafiti la Taifa la Marekani katika hesabu zake za zamani lilikuwa linapunguza takriban asilimia 4 ya nishati kwa kila kipimo kimoja cha chakula cha kujikimu kinachoongezeka juu ya kile cha kwanza. Kwa hiyo hata ukiparaza, ng'ombe wa maziwa mengi hawezi kulingana na kondoo wa kwenye kitabu. Mpe mgao mara tatu au nne kwa siku badala ya kumtupia ndoo nzima asubuhi wakati wa kukamua.

#15 Kijana wa Magadu
Mzee wa Kibo hoja yako ina nguvu kwa pumba, lakini haielezi hali ya mwenye mada. Ng'ombe wake, kwa jinsi alivyoeleza, hapewi ndoo nzito. Na tusisahau upande wa pili: kwenye majani makavu duni ng'ombe anamshinda kondoo. Anayaweka tumboni muda mrefu zaidi, anayaozesha mpaka mwisho. Kondoo kwenye nafaka, ng'ombe kwenye mabua. Kila mmoja ana eneo lake.

#16 Mzee wa Kibo
Hajataja kiasi. Wewe umejuaje si ndoo nzito?

#17 Kimbulumbulu
Moto umewaka. Mwenye mada yuko wapi? Kamwaga petroli kakimbia.

#18 Ngosha wa Kahama
Nami niseme la kwangu. Mnawatafuta wachawi mbali. Vijidudu vya tumboni ndivyo vinavyosaga, na vyenyewe vinahitaji kula. Mabua ya mahindi yana protini chini ya asilimia 7, na chini ya hapo vijidudu vinalegea, kazi inalala. Huku kwetu tuna mashudu ya pamba, kipindi yakiadimika naona kabisa kinyesi kinabadilika, kinakuwa kikavu, kimepangana tabaka, nyuzi ndefu, na pumba inaonekana. Mashudu yakirudi, kinyesi kinalainika, maziwa yanapanda. Hujabadilisha kinu, hujabadilisha meno ya ng'ombe. Umelisha vijidudu.

Ila ndama msiwape mashudu ya pamba kwa wingi. Ile sumu ya asili iliyomo wakubwa wanaimudu, wadogo rumeni haijakomaa.

#19 Mjomba Chapati
Minyoo je? Mbona mmewatupa wazee wa Njombe? Ng'ombe mwenye minyoo anahara, chakula kinapita mbio.

#20 Bi Mkora
Minyoo inakondesha, na utumbo ukiharibika usagaji unapungua, sawa. Lakini hakuna mnyoo unaomfanya ng'ombe ameze hindi bila kutafuna. Mpe dawa kwa ratiba yake, ila usitegemee punje ziishe.

#21 Mjomba Chapati
Sawa mama. Nilikuwa nawatetea wazee tu.

#22 Shemeji wa Oldeani
Nimesoma "paraza" mara nyingi humu, naomba niwaonye wanaoelewa kuwa paraza ni saga. Jirani yangu alikuwa na unga wa mahindi stoo, laini wa ugali. Ng'ombe alifungua mlango usiku. Asubuhi tumemkuta amelala, tumbo limejaa maji, anasaga meno, kinyesi cha kijivu chenye harufu ya uchachu. Hakumaliza siku.

Wanga ukiwa laini vijidudu vinauvamia wote kwa wakati mmoja, asidi inamwagika. Rumeni yenye afya ina pH, kipimo kinachoshuka asidi ikizidi, kati ya 6 na 7. Ikishuka chini ya 5.5 vijidudu vya kusaga majani vinakufa, kuta zinaungua, asidi inaingia kwenye damu. Punje nzima haifanyi hivyo kirahisi, maana inamlazimisha mnyama atafune, na akitafuna anatoa mate, na mate ndiyo dawa yake ya asidi. Ng'ombe mkubwa anatoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku. Kwa hiyo kuna usagaji uliopungua na kuna usagaji uliozidi kasi, na wa pili ndio unaoua.

#23 Fundi Kinu
Shemeji umenena. Ndiyo maana nimesema tangu mwanzo vipande vitatu vinne. Mteja akija anataka "laini laini" kwa ajili ya ng'ombe, mimi namuuliza anataka kumfuga au kumzika.

#24 Mama Wambugu wa Ol Kalou
Na hata kwa kondoo, wanaosoma humu wasikimbilie kumwaga debe. Kondoo aliyezoea nyasi ukimpa nafaka ghafla unamkuta amekufa asubuhi bila dalili, aliyenona kuliko wote. Kuna bakteria wa utumbo wanaopenda wanga uliopita bila kusagwa, wanazaliana na kutoa sumu. Chanjo ipo, ulizeni daktari wenu wa mifugo. Anzeni na kiganja, pandisheni polepole kwa wiki mbili hivi.

#25 Mangi Asiye na Kihamba
Swali la kando. Kama kondoo anasaga chakula cha ziada vizuri hivyo, naweza kuwapa kile cha ng'ombe wa maziwa kinachouzwa dukani kwenye mifuko? Nina salio baada ya kuuza ng'ombe.

#26 Bi Mkora
Hapana! Soma lebo kwanza. Vyakula vya ng'ombe, nguruwe na kuku huwa vimeongezewa shaba kwenye madini. Ng'ombe anaivumilia. Kondoo ini lake linaihifadhi na halijui kuitoa, inajaa taratibu kwa wiki na miezi huku mnyama anapendeza, kisha siku moja akipata mshtuko, safari au njaa, ini linaiachia yote kwenye damu. Macho ya njano, mkojo mweusi mwekundu, amekufa. Kwa kondoo Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha miligramu 15 kwa kilo ya chakula, wakati ng'ombe anaruhusiwa zaidi. Mbolea ya kuku ambayo wengine wanawapa ng'ombe ndiyo mbaya zaidi kwa kondoo. Hata jiwe la kulamba liwe la kondoo.

#27 Mangi Asiye na Kihamba
Duh. Na kondoo wangu wanachunga chini ya kahawa iliyopigwa mrututu.

#28 Bi Mkora
Watoe leo.

#29 Mzee wa Kibo
Hilo ni kweli, kwenye mashamba ya kahawa kondoo wamekufa hivyo. Mrututu ni dawa iliyojaa shaba.

#30 Dalali wa Kibaigwa
Wakuu, kwani mashudu ya alizeti mnanunua bei gani huko? Nina mzigo Kongwa.

#31 Kimbulumbulu
Kila uzi lazima atokee huyu.

#32 Mwana wa Wanging'ombe
Nimerudi, mtandao ulikuwa shida. Asanteni wote.

Nimefanya la Bi Mkora, chujio na maji. Za ng'ombe zimechanganyika. Nyingi ni ganda tupu kweli, lakini zipo ngumu ambazo hata jino langu lilikwama (usiniulize). Mzee wa Kibo, ndoo siyo nzito, ila nampa yote asubuhi kwa mkupuo, hapo umenipata.

Sasa nimeona kingine kinachonichanganya. Nina ndama wawili walioachishwa maziwa karibuni, nao wanakula punje nzima. Kinyesi chao ni safi kama cha kondoo. Mama zao ndio wanaotoa. Sasa hao si ng'ombe?

#33 Mama Wambugu wa Ol Kalou
Ndama anatafuna. Ndiyo niliyosema. Mdomo mdogo, hana haraka, punje moja kwake ni kubwa. Akikua anaacha adabu hiyo.

#34 Kijana wa Magadu
Au mlango wake bado ni mdogo, ndiyo niliyosema mimi. Punje haipiti, inarudi kucheuliwa.

#35 Mzee wa Kibo
Au anakula kidogo, kwa hiyo kinakaa muda mrefu. Ndiyo niliyosema mimi.

#36 Mtoro wa Iowa
Na ndama hali majani mengi bado. Nami nipo.

#37 Kimbulumbulu
Ndama mmoja kashinda kesi nne.

#38 Ngosha wa Kahama
Mwana wa Wanging'ombe, hayo mahindi yalikuwa yamekauka vizuri? Kama yalinyeshewa au yana ukungu, acha habari ya punje kwanza. Sumukuvu haijali kama imesagwa au la, na kwa ng'ombe wa maziwa sehemu yake inatoka kwenye maziwa mnayokunywa nyumbani. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo.

#39 Mwana wa Wanging'ombe
Yamekauka, nayaweka kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Yaliyooza nilitoa.

Basi kwa sasa ng'ombe nitawaparazia, mgao nigawe mara tatu. Ndama na kondoo nawaachia punje nzima. Mwenye kinu hapa kijijini hana chekecheke kubwa, itabidi nimtafutie. Fundi Kinu, ukubwa gani niombe?

#40 Fundi Kinu
Ya milimita 6 hadi 8 itakufaa kwa mahindi. Ikikosekana, mwambie aondoe chekecheke kabisa apitishe haraka, utapata mchanganyiko wa vipande na unga kidogo, upepete unga uuweke kwa ajili ya kuku. Hao kuku wa jirani wataandamana.

#41 Shangazi wa Ihanja
Jamani mmemaliza mahindi, sisi wa Singida tunalisha mtama. Nimejaribu kuloweka usiku kucha badala ya kusaga, unalainika ila bado naona punje nyingi kwenye kinyesi cha ng'ombe, kuliko hata mahindi. Kondoo nao safari hii naona punje mojamoja.

#42 Kijana wa Magadu
Shangazi, mtama ndio mgumu kuliko yote. Punje ndogo inaponyoka meno ya ng'ombe, na wanga wake umefungwa na protini ngumu. Kwa ng'ombe usage, tena laini kidogo kuliko mahindi. Kuloweka peke yake hakutoshi. Kwa kondoo kinachotoka ni kidogo, unaweza kuvumilia.

#43 Mama Wambugu wa Ol Kalou
Mimi kwa kondoo nisingevumilia, ningepasua. Lakini sijawahi kulisha mtama, nawaachia watu wa Singida waseme.